Kompyuta Iliyokataa Kula

Kitabu nilichojifunzia kuandika programu za kompyuta nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza bidhaa zake juu ya turubai, karibu na soko la Kariakoo. Kilikuwa cha Kiingereza, hakikuwa na jalada, na sura yake ya mwisho, iliyoeleza namna ya kuifundisha kompyuta kucheza sataranji, ilikuwa imechanika mwishoni. Muuzaji aliniambia kurasa zilizopotea hazikuwa muhimu. Nikamuuliza amejuaje. Akasema zingekuwa muhimu zisingepotea.

Wakati huo nilikuwa karani katika duka la jumla la vyombo vya plastiki: ndoo, mabeseni, majagi, vikapu vya nguo chafu. Mwenye duka alikuwa Mchaga wa makamo, mtu wa kanisani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi kama unavyowaita wenye maduka wengi wa kutoka Kilimanjaro. Alikuwa amechukua kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja ya Upanga iliyokuwa inahama. Aliichukua kwa sababu jirani yake alikuwa nayo, na hakuwa amefikiria itafanya kazi gani. Ilikaa kwenye meza nyuma ya duka, kati ya mabeseni na ukuta, imefunikwa kitambaa alichofuma mke wake, kama televisheni ya sebuleni.

Mwenzangu katika jambo hili alikuwa fundi redio wa kibanda cha jirani, kijana wa rika langu aliyepanga chumba Buguruni na kuja kazini na bisibisi mfukoni hata siku za sikukuu. Yeye aliijua mashine kwa ndani. Mimi nilijua, kwa kiasi kile kilichobaki kitabuni, namna ya kuiamuru. Mangi alituruhusu kuitumia saa ambazo wateja ni wachache, kwa sharti kwamba tusiitoe kitambaa moja kwa moja, tukikunje tu, kusudi mke wake akipita asione kama kimedharauliwa.

Tulianza na sataranji kwa sababu kitabu kilisema sataranji. Hakuna kati yetu aliyewahi kuicheza. Nilifuata maelezo hatua kwa hatua: askari anakwendaje, farasi anarukaje, kila kete ina thamani gani. Ukurasa ulioeleza mchezo unamalizikaje haukuwapo. Kwa hiyo programu yetu ilimla mfalme kama ilivyomla askari yeyote, kisha mchezo ukaendelea. Tulicheza hivyo kwa wiki kadhaa, na mara nyingi ilitushinda, ingawa hatukuwa na njia ya kujua kwamba tumeshindwa.

Aliyetuzindua ni mzee mmoja Mhindi wa Upanga aliyekuja kununua ndoo. Aliiona skrini, akasogea, akavaa miwani.

“Mfalme wako yuko wapi?” akaniuliza.

“Ameliwa.”

“Ameliwa lini?”

“Zamani kidogo.”

Alitutazama mmoja mmoja. “Ameliwa, na nyinyi mnaendelea?”

“Bado tuna askari,” akasema fundi redio.

Mzee alilipa, akachukua ndoo zake, na kabla ya kutoka akasema kwa upole kwamba ingekuwa vizuri tuandike mchezo tunaoujua. Ulikuwa ushauri mzuri kuliko sura yote ya mwisho. Siku hiyo hiyo tukahamia kwenye drafti.

Drafti tuliijua kwa sababu haikuwezekana kutoijua. Nje ya duka, kwenye baraza, kulikuwa na kijiwe kilichocheza tangu asubuhi mpaka maduka yanafungwa. Ubao ulichorwa kwa rangi juu ya kipande cha meza, na kete zilikuwa vizibo vya soda, upande mmoja vimelala kifudifudi, upande wa pili chali. Mwenye kijiwe, kwa maana ya kwamba hakuna aliyeweza kumwondoa kitini, alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mtu wa Pwani, mrefu, mwembamba, aliyevaa kofia ya vito hata alipopima suruali, na cherehani yake ilikaa hatua chache kutoka kwenye ubao. Alicheza kwa mkono mmoja na kwa mdomo wote. Kila kete aliyosogeza aliisindikiza na maneno: “Huyu anakwenda kusalimia tu.” “Mwanangu, kwenu wanajua kama uko hapa?” “Funga zipu, unaliwa.” Watu walifungwa kwanza na maneno, kete zikafuata.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, nilikwenda kijiweni kuuliza kanuni, mchezaji mmoja baada ya mwingine. Kete ya kawaida inarudi nyuma? Hairudi. Kingi anatembea umbali gani? Anavyotaka. Kula ni lazima? Wote walijibu, bila kusita, kwamba kula ni lazima. Nikaandika hivyo: kama kuna cha kula, kompyuta isikubali mwendo mwingine wowote, wa kwake wala wa mpinzani. Niliona nimefanya kazi safi.

Programu ilipokamilika, ilitushinda sisi wawili kila mara. Hilo halikuthibitisha kitu, kwa sababu kijiwe kizima kilitushinda kila mara.

Ndipo Mangi alipopata habari ya friza. Mtu mmoja wa Buguruni alikuwa na friza kubwa iliyo nzima, naye alitaka kompyuta kwa ajili ya mwanawe anayesoma. Wabadilishane, basi. Mangi alituita nyuma ya duka akatuambia bila kuzungusha.

“Friza inatoa maji baridi. Hii inatoa nini?”

“Inacheza drafti, Mangi,” nikasema.

“Na wale pale nje wanacheza nini?”

Ninachokumbuka ni kwamba nilishika kona ya kile kitambaa. Hakukuwa na kompyuta nyingine ambayo ningeruhusiwa kuigusa. Nilizojua zilikuwa kwenye ofisi zenye walinzi. Ikiondoka hii, elimu yangu yote ingebaki kuwa kitabu kisicho na jalada.

Mangi alikuwa mtu wa haki, hata alipokuwa na haraka. Alifikiri, kisha akasema: “Inaweza kumfunga fundi cherehani?”

“Inaweza,” akasema fundi redio kabla sijafungua mdomo.

“Basi Jumapili nikitoka kanisani. Ikimfunga, inabaki. Ikifungwa, Jumatatu friza inaingia. Msiniletee maneno.”

Jumapili alasiri tuliihamishia meza barazani, tukavuta waya wa umeme kutoka ndani. Mtaa ulikuwa umetulia kidogo kwa sababu maduka mengi yalikuwa yamefungwa, lakini habari ilikuwa imeenea. Walikuja wachezaji wote wa kijiwe, wapagazi wa soko ambao hawakuwa na mzigo, na muuza kahawa aliyeweka birika lake chini akaacha kutembea. Mangi alikuja na suti yake ya kanisani, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, awe mwamuzi.

Mpango ulikuwa huu. Fundi cherehani acheze kwenye ubao wake mwenyewe kwa vizibo vyake. Fundi redio aangalie ubao na kunitajia mwendo. Mimi niuandike kwenye kompyuta, nisubiri jibu, kisha nisogeze kizibo kwa niaba yake.

“Shikamoo fundi,” nikamwamkia.

“Marahaba mwanangu. Ndiyo huyu?” Aliinama akaitazama skrini ya kijani. “Mbona hana macho?”

“Haihitaji macho.”

“Sasa nikimkonyeza ataonaje?”

Watu wakacheka, na mchezo ukaanza.

Shida ya kwanza ilikuwa kasi. Kabla ya kila mwendo kompyuta iliandika NAFIKIRI, na ikafikiri kweli. Fundi cherehani alitoa maneno yake yote mazuri kwa miendo michache ya mwanzo, akagundua kwamba hakuna anayeumia. Alisema kuhusu mama yake kompyuta, akasema kuhusu waya wake, akauliza kama imeoa. Skrini ikaendelea kuandika NAFIKIRI. Hatimaye akainuka, akaenda kwenye cherehani yake, akaanza kupinda suruali ya mteja.

“Ikimaliza kufikiri mniite.”

Kwa hiyo mchezo ukaenda hivi: kompyuta inafikiri, cherehani inanguruma, nasogeza kizibo, cherehani inanyamaza, fundi anakuja, anatazama kidogo tu, anasukuma kizibo, anarudi kwenye suruali. Muuza kahawa aliuza birika lote. Na pamoja na hayo yote, kompyuta ilikuwa haijafanya kosa. Kete zilikuwa sawa kwa sawa. Niliona watu wa kijiwe wameacha kucheka na wameanza kuishauri.

“Usimtoe huyo wa pembeni!” mpagazi mmoja aliifokea skrini.

“Haisikii,” nikamwambia.

“Basi mwambie wewe!”

Halafu fundi cherehani akafanya jambo moja. Nilikuwa nimesogeza kizibo cha kompyuta mahali ambapo alipaswa kukila. Hakukila. Alisukuma kizibo kingine kabisa, akageuka aende zake. Fundi redio alinitajia mwendo, nikauandika. Kompyuta ikalia mlio mkali, ikaandika KOSA.

“Inasemaje?” fundi akauliza.

“Inasema huwezi kwenda hapo. Una cha kula.”

“Nimeona. Sitaki kula.”

“Haikubali, fundi.”

Alirudi polepole, sindano ikiwa midomoni, akaitoa. “Inanikataza? Kwenye ubao wangu? Jamani, mgeni kaja kwangu, hajakaa hata vizuri, ananipangia chakula!”

Hapa sina budi kueleza desturi ambayo kijiwe kizima kiliijua na ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimetendewa mara nyingi. Kula ni lazima, lakini usipokula hakuna anayekushika mkono. Mpinzani wako anakichukua kile kizibo chako kilichoacha kula, anakipeleka mdomoni, anakipuliza kama mtu anayepoza chai, na kukiweka kando. Kimekwenda. Kisha anacheza zamu yake. Kupulizwa ni adhabu, na mimi niliichukulia kama adhabu ya wasahaulifu. Kompyuta haisahau, kwa hiyo sikuiandika. Kumbe mabingwa huacha kula kwa makusudi. Wanakubali kupulizwa kizibo kimoja ili vingine vikae wanapovitaka. Nilipowauliza kanuni, hakuna aliyenitajia hilo kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mtu mzima asiyelijua.

Kijiwe kiligeuka baraza la mahakama. Wengine walisema kompyuta imeshindwa kwa kukataa mchezo. Wengine walisema mgeni hafungwi na mila asizofundishwa. Mangi alinyoosha mkono kama anavyomzuia mteja anayedai punguzo la pili.

“Fundi amecheza kihalali?”

“Kihalali,” wote wakasema.

“Basi nyinyi wenye mashine, ikubalini zamu yake, mkipulize, tuendelee. Ikishindwa, nina friza yangu.”

Nilikaa mbele ya kibodi huku watu wamenisogelea mpaka mabegani. Niliutafuta mstari uliokataza kuacha kula. Ulikuwa mstari mmoja. Nikaufuta. Nikaupanga upya mchezo wote kwenye skrini, kizibo kwa kizibo, fundi redio akinisomea kutoka ubaoni, na kile kilichostahili kupulizwa nikakitoa kwa mkono.

“Umemaliza?” fundi redio akaninong'oneza.

“Nimemaliza.”

Niliinuka nikichukue kizibo kutoka ubaoni. Fundi cherehani akanishika mkono.

“Usipulize wewe. Sichezi na wewe. Apulize mwenyewe.”

“Fundi, haina mdomo.”

“Macho hana, mdomo hana. Mmeniletea nini hapa, ndoo?”

Ni fundi redio aliyetuokoa. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na feni ndogo ya kupozea mitambo, iliyotoa hewa ya moto bila kukoma. Alikichukua kile kizibo, akakishika mbele ya feni, akasubiri kwa adabu, kisha akamkaribisha fundi cherehani aweke kiganja. Fundi aliweka kiganja. Alihisi upepo. Aliuelekeza mkono huku na huko kutafuta hila, akakosa.

“Anapuliza,” akatangaza. “Tena ana homa.”

Kijiwe kilishangilia kuliko kingeshangilia ushindi. Nadhani kuanzia dakika hiyo waliihesabu kuwa mchezaji.

Mchezo ukaendelea. Kompyuta ikaandika NAFIKIRI, cherehani ikanguruma. Baada ya miendo michache fundi aliacha kizibo kimoja wazi, nami nikapumua kwa sababu hata mtoto angekiona. Kompyuta ilikuwa na cha kula. Ikafikiri. Ikatoa jibu. Nililisoma mara mbili, nikamwonyesha fundi redio.

“Haijala,” akasema.

Nilielewa papo hapo nilichofanya. Mstari nilioufuta ulizikataza pande zote mbili. Nilipomruhusu fundi aache kula, niliiruhusu na kompyuta. Na sikuiambia kwamba anayeacha kula anapulizwa, kwa hiyo kwa hesabu zake lilikuwa jambo la bure. Ilikuwa imeona kwamba ikisogeza kete nyingine kwanza, zamu inayofuata itakula mbili badala ya moja. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila katika drafti isiyochezwa mahali popote duniani.

Sikuwa na la kufanya. Nilisogeza kile kizibo kama ilivyoagiza, nikamwita fundi.

Alikuja na futi ya kupimia shingoni. Alitazama ubao. Safari hii hakusukuma kizibo akiwa wima. Alivuta kiti, akakaa kweli.

“Kaacha kula,” akasema.

“Ndiyo, fundi.”

“Si umemwambia anapulizwa?”

Ningeweza kunyamaza, lakini niliulizwa. “Sijamwambia, fundi. Nimesahau kuiandika.”

Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayeangalia mwongo asiyejua kazi yake. “Umesahau. Mtu aliyekwenda kuuliza kila mtu kingi anatembea umbali gani. Leo umesahau.”

“Kweli, fundi. Puliza tu.”

“Ahaa! Sasa ananiomba nipulize!”

Hilo ndilo lililommaliza. Kwa miaka yote yeye ndiye aliyeacha kula kwa makusudi, na kila aliyempuliza kwa furaha alijuta baadaye. Sasa amewekewa mtego wake mwenyewe mezani, tena na kitu kisichocheka, kisichokasirika, kisicho na uso wa kusoma. Alikitazama kizibo kilichostahili kupulizwa, akatazama nafasi itakayobaki kikiondoka. Alianza kuhesabu kwa midomo. Watu walimwambia, “Puliza, fundi, puliza,” naye akawajibu, “Nyamazeni, nyinyi hamjui vita.” Suruali ya mteja ilikuwa imening'inia kwenye cherehani, mguu mmoja umepindwa na mmoja bado.

Hakupuliza. Alisogeza kizibo kingine kujenga ulinzi ambao hakuuhitaji, akaegemea, akajifuta jasho. “Sili ndoano yako,” akaiambia skrini.

Kompyuta ikafikiri kidogo kuliko kawaida, ikala mbili.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kumalizia. Ilipata kingi. Fundi mwenyewe aliivika, akaweka kizibo juu ya kizibo bila neno, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alipobakiwa na kete zisizo na pa kwenda, alilaza kiganja juu ya ubao.

“Nimefungwa,” akasema. “Lakini nimefungwa na mtu.”

Mangi aliinuka kutoka kwenye ndoo, akapangusa suti. Nilimfuata kabla hajaingia ndani, kwa sababu nilitaka iwe wazi. Nilimweleza mstari niliofuta, adhabu ambayo haikuandikwa, na jinsi ambavyo fundi angepuliza tu angeweza kushinda.

“Imemfunga, haikumfunga?”

“Imemfunga, Mangi, ila kwa—”

“Nilisema msiniletee maneno.”

Jumatatu asubuhi mtu wa Buguruni alifika na friza yake juu ya mkokoteni, imefungwa kamba, wasukumaji wawili wanatiririka jasho. Mangi alitoka akamwomba radhi, akamwambia kompyuta haitoki. Yule mtu akauliza kwani imepata kazi gani tangu Ijumaa. Mangi akawanunulia wale wasukumaji chai.

Mimi nilikuwa nimeshasahihisha. Nisingeweza kufanya kazi siku nzima huku najua kompyuta ile ina ujinga ule. Niliandika adhabu ya kupulizwa kama inavyostahili, nikaihifadhi kwenye disketi mpya; ile ya Jumapili ikabaki kwenye disketi ya zamani. Fundi redio alinisihi nisiiguse, nikamwambia jambo lililokosewa halisifiwi, linarekebishwa.

Fundi cherehani alikuja kabla hata hajafungua cherehani yake. Tulicheza hapo hapo nyuma ya duka, kati ya mabeseni. Kompyuta ilikula kila kilichopasa kuliwa, kwa wakati wake, bila mbwembwe. Fundi akaifunga haraka, kisha akaifunga tena. Nilitegemea maneno, kwa sababu alikuwa na deni nayo la maneno. Badala yake alisukuma kiti nyuma.

“Huyu siye.”

“Ni yeye, fundi. Nimemwongezea akili.”

“Mpunguzie.”

“Yule wa jana alikuwa amekosea.”

“Mwanangu, mimi nacheza drafti tangu hujavaa kaptura. Huyu anacheza kama karani. Nirudishie wa jana.”

Nilimtazama fundi redio, naye alikuwa anaikagua bisibisi yake kwa makini sana. Nikatoa disketi mpya, nikaingiza ya zamani. Skrini ikaandika NAFIKIRI. Fundi cherehani akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akavuta kiti mpaka tumbo likagusa meza.

“Shikamoo,” akaiambia.